Kutoka Kibabi hadi Nakirebe

Mwaka 2023 mtu wa Masisi aliyetaka kufika Uganda hakuwa na njia ya mkato. Bunagana, mpaka tuliouzoea, ulikuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu tarehe 13 Juni 2022, na barabara ya Rutshuru haikuwa tena ya kupanda gari na kusinzia. Ilibidi kushuka Goma, kuvukia Gisenyi, kuikata Rwanda upande wa kaskazini hadi Cyanika, ndipo uingie Kisoro. Nauli ikapanda, na sababu yangu ya kusafiri, kila nilipoieleza, ikazidi kuonekana ndogo. Mama alinisikiliza hadi mwisho, akauliza: “Utatoka Kibabi mpaka Uganda juu ya kuangalia muchezo ya fimbo?”

Nilimwambia ndiyo. Kwetu mchezo ni mpira wa miguu, mengine ni habari za redioni. Utotoni tulicheza mpira wa magome ya migomba uliokazwa kwa kamba, nami niliwekwa katikati, namba sita, kwa sababu sikuwa na mbio za kucheza pembeni wala kimo cha kucheza nyuma. Tangu hapo wachezaji wa katikati ndio ninaowatazama, hata mechi ikiwa na washambuliaji wenye majina. Kwa hiyo niliposoma kwa mara ya kwanza habari za Gift Ngoepe, kilichoniingia akilini hakikuwa sifa yake ya kuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Ilikuwa nafasi yake uwanjani. Alikuwa mchezaji wa ndani, wa kati ya vituo, kazi ya kuokota na kurusha ambayo mtazamaji huiona pale tu inapoharibika. Nikataka kuiona kwa macho yangu. Mahali pa karibu nilipopajua ambapo watoto wanafundishwa kazi hiyo kwa dhati, kwa mtu wa Kivu ya Kaskazini, ni Nakirebe, wilaya ya Mpigi, kando ya barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala.

Niliondoka Julai, katikati ya kiangazi, pikipiki ikitimua vumbi jeupe. Nyuma ya motari, dereva wake, tulikaa watu wawili na mfuko wa viazi ambao mwenyewe alikuwa akiungojea Sake. Mushaki tulipita mbele ya askari wa Burundi waliokuja na kikosi cha Afrika Mashariki. Walitutazama bila kutusimamisha, na motari hakuongea mpaka tulipoiacha kona ya mwisho ya mteremko. Kati ya Sake na Goma, kambi za wakimbizi wa ndani zilikuwa zimeifikia barabara: Bulengo, Lushagala, turubai juu ya mawe ya volkano. Nilikuwa na jamaa humo. Nikashuka, nikawasalimia, nikawaachia nilichokuwa nacho, na sikuthubutu kuwaambia naenda kutazama mchezo.

Grande Barrière, kivuko cha Goma na Gisenyi, ilikuwa ikifungwa saa tisa alasiri, kwa hiyo nililala Goma na kuvuka asubuhi. Afisa wa upande wa pili aliniuliza nakwenda kufanya nini Uganda. “Besiboli.” Akaniangalia miguu, kisha mikono, kisha cheti changu cha safari. “Unacheza?” Nikasema naandika. Akagonga mhuri kwa haraka ya mtu aliyekata tamaa ya kuelewa.

Barabara ya Gisenyi kwenda Musanze ni nzuri mno kwa mtu aliyezoea njia zetu, unaanza kushuku kwamba dereva amepotea. Volkano zile zile tunazoziona kutoka Masisi kwa nyuma, sasa zilikuwa mkono wa kushoto, zikinionyesha uso wa pili: Karisimbi, Bisoke, Sabinyo yenye meno, na mwisho Muhabura, ambayo inakaa juu ya Cyanika na kuufanya mpaka uonekane mdogo. Ukiingia Uganda gari linahama upande. Congo na Rwanda tunaendesha kulia, Uganda kushoto, na kwa saa ya kwanza kila lori lililokuja mbele yetu niliamini linatuua.

Kisoro sikuwa mgeni wa lugha. Wafumbira wanasema Kinyarwanda chenye lafudhi yao, na sokoni Kiswahili kinatosha kununulia chai. Basi liliondoka kabla ya mapambazuko. Njia ya kwenda Kabale inapanda Kanaba kwa kona zinazorudi nyuma, na jua lilipotoka tukaona mashamba yaliyokatwa ngazi ngazi hadi kileleni. Abiria wa jirani, mama wa makamo aliyekuwa na kuku wawili chini ya kiti, aliniuliza natoka wapi. Nilipotaja Masisi akasema “pole”. Ukitoka kwetu siku hizi, hiyo ndiyo salamu ya kwanza.

Baada ya Kabale milima inaanza kulegea. Mbarara nikaona ng'ombe wa Ankole, pembe ndefu kuliko mikono ya mchungaji, na nikakumbuka kwamba Masisi ng'ombe hufugwa kwa maziwa kabla ya pembe, kwa ajili ya jibini inayouzwa Goma. Lakini hapo mawazo yangu yalikuwa yamekwisha rudi kwa Ngoepe, kwani nilikuwa na safari yake nzima ndani ya daftari, na basi ni mahali pazuri pa kusoma safari ya mtu mwingine.

Alizaliwa Januari 1990 Pietersburg, mji ambao sasa unaitwa Polokwane, akakulia Randburg karibu na Johannesburg. Mama yake, Maureen, alifanya kazi kwenye jengo la klabu ya Randburg Mets, akisafisha na kupika, na familia ilikaa katika chumba kimoja hapo hapo klabuni. Ukifungua mlango uwanja uko mbele yako. Jambo hili husimuliwa kwa huruma, na huruma ina haki yake, ila mimi naliona kwa jicho lingine: mtoto yule alikuwa na kitu ambacho watoto wa matajiri wa Johannesburg walikuwa wakiletwa kwa gari kukifuata. Alikuwa na ardhi iliyosawazishwa, saa yoyote, bila kumwomba mtu. Angeweza kuokota mipira hadi giza liingie, na kesho yake akaanza tena kabla ya wengine kuamka.

Baadaye alipata nafasi katika chuo cha besiboli huko Italia, ambako miongoni mwa walimu alikuwamo Barry Larkin, shotistopu, yaani mchezaji wa ndani kama yeye, aliyechezea Cincinnati Reds miaka yake yote ya ligi kuu. Shotistopu anaona haraka shotistopu mwenzake. Mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 18, Ngoepe alisaini mkataba na Pittsburgh Pirates, Mwafrika Kusini mweusi wa kwanza kupata mkataba wa kulipwa katika mchezo huo.

Wasomaji wa mpira wa miguu wanaweza kudhani kwamba kusaini ni kufika. Kwenye besiboli ni kuingia foleni. Chini ya kila klabu kati ya zile 30 za ligi kuu kuna madaraja: kwanza timu za wanagenzi, kisha A ya chini, A ya juu, AA, na AAA. Mchezaji anapandishwa na kushushwa, anahamishwa mji kwa mji kwa basi, na wengi huachwa njiani bila mtu kuandika habari. Ngoepe alianza na wanagenzi Florida mwaka 2009. Akapita West Virginia, Bradenton, Altoona, Indianapolis. Mwaka 2013, akiwa bado njiani, mama yake alifariki. Glavu yake ilisifiwa kila alikokwenda. Gongo ndilo lililomchelewesha, kwa maana mchezaji wa ndani analipwa kwa mikono yake lakini haachiwi asipige kabisa. Alijaribu kupiga kutoka pande zote mbili, kisha akaacha na kubaki na mkono wa kulia.

Tarehe 26 Aprili 2017, Pittsburgh, wakicheza na Chicago Cubs waliokuwa mabingwa, aliingizwa kucheza kituo cha pili. Zamu yake ya kwanza kupiga, mbele ya mrushaji Jon Lester, akapata mpigo safi. Miaka minane na nusu tangu kusaini. Mwaka ule alicheza mechi 28 za ligi kuu, mwaka uliofuata mechi 13 na Toronto Blue Jays, na mlango ukafungwa. Jumla mechi 41. Kuna watu wanaosema ni kidogo. Mimi nilipiga hesabu nyingine nikiwa pale kwenye basi: ni mipira mingapi ya chini aliyoiokota tangu Randburg ili apate kuokota ile ya mechi 41? Sikupata jibu, na hakuna aliyeihesabu.

Lukaya wachuuzi walilivamia basi kabla halijasimama, mishikaki ya nyama madirishani, ndizi za gonja za kuchoma, maji ya baridi. Nilinunua gonja nikaungua ulimi. Kayabwe tukavuka ikweta, ambapo watalii hupigwa picha, dereva wetu hakupunguza hata mwendo. Kisha Mpambire na ngoma zake zilizopangwa kando ya barabara kwa ukubwa, halafu Nakirebe. Nilipiga ukuta wa basi, nikashushwa.

Shule ya huko ilijengwa kwa juhudi za Mmarekani Richard Stanley, mhandisi mstaafu aliyekuwa na hisa katika timu ya daraja la chini huko Trenton. Alijenga viwanja pamoja na madarasa, na kutoka kwa watoto wa Uganda imetoka historia ambayo sisi jirani hatujaizungumza ya kutosha. Mwaka 2011 timu ya watoto ya Kampala ilifuzu kwenda mashindano ya dunia ya Little League, Williamsport, Pennsylvania, ikanyimwa viza kwa sababu ya utata wa karatasi. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi wakafuzu, wakaenda, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika huko, na hawakurudi bila ushindi: waliwafunga watoto wa Gresham, Oregon, 3–2. Mwaka 2015 Uganda ikarudi tena.

Nilifika alasiri, wakati wa mazoezi, na kitu cha kwanza nilichokiona kilinipa shida kukielewa. Vijana walikuwa wametawanyika kwenye udongo mwekundu, wameinama, wanaokota vijiwe. Kijiwe kimoja kimoja, wakitia katika kopo tupu la rangi. Hakuna aliyeacha mpaka kopo lilipopitishwa kwa wote. Kisha wawili wakaburuta kipande cha wavu wa uzio kilichofungwa kamba, wakizunguka, udongo ukibaki nyuma yao laini na wenye mistari. Mwalimu, Mganda wa sauti ndogo, aliniambia kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kiswahili cha kujaribu kwamba hilo ni somo la kwanza. Anayetaka kucheza ndani ataanza na kopo.

Ndani, maana yake, ni mraba wa mita 27.4 kila upande, na wachezaji wanne wanaoulinda: wa kituo cha kwanza, wa pili, wa tatu, na shotistopu anayesimama kati ya pili na tatu, kwenye pengo ambalo mipira mingi hupitia. Mpira wenyewe una uzito wa gramu 142 hadi 149, ngozi nyeupe iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Ukipigwa chini, mkimbiaji mzuri wa kulipwa anafika kituo cha kwanza kwa sekunde nne na kitu. Ndani ya sekunde hizo shotistopu ausome mpira, aufuate, auokote, autoe kwenye glavu na kuurusha umbali wa mita zaidi ya thelathini. Akigugumia mara moja, mkimbiaji amefika.

Nilisimama nyuma ya kijana mmoja kwa muda mrefu. Alikuwa mwembamba, viatu vyake vimeshonwa upya pembeni. Glavu ya wachezaji wa ndani ni ndogo, yenye tumbo fupi, ili vidole visiutafute mpira humo. Yake ilikuwa imelainika mpaka ikawa nyeusi. Mwalimu akipiga mpira wa chini, kijana haukimbilii moja kwa moja. Hatua mbili za kuzunguka kidogo upande wa kulia, ili atakapoufikia kifua kiwe kimekwisha elekea kituo cha kwanza. Kiuno kinashuka kabla ya mikono. Glavu inagusa udongo mapema, wazi, ikingoja, na mkono wa kulia unaufunika mpira kama mfuniko wa sufuria. Halafu miguu inabadilishana, na mpira umekwenda. Nilitaka kuona jinsi unavyotoka kwenye glavu kuingia mkononi. Nikakaza macho mara kadhaa, sikuona kitu.

Mpira mmoja ukagonga kitu ambacho kopo halikukipata, ukaruka. Akageuza uso, ukampiga begani. Wenzake wakacheka, yeye akaokota jiwe lenyewe, akalitazama, akalitupa nje ya uwanja kwa nguvu kuliko alivyorusha mpira.

Tulipokaa pembeni alinieleza kwamba kwao ni upande wa Kisoro, kwa hiyo tukaacha Kiingereza. Alinionyesha jino la mbele lililokatika pembe. “Hili ni la mwaka wa kwanza,” akasema, “uwanja ulikuwa haujakauka sawasawa.” Nikamuuliza kuhusu waliosaini. Wote pale wanawajua kwa majina: Ben Serunkuma na Umar Male, waliochukuliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, na David Matoma na Armstrong Muhoozi, waliochukuliwa na Pirates, timu ile ile ya Ngoepe. Na Dennis Kasumba wa Gayaza, aliyejulikana kwa video za mazoezi yake na matairi, alikwenda Marekani mwaka ule ule, akacheza na Frederick Keys katika ligi ya vijana wanaotafuta kuchaguliwa. Kijana alizitaja habari hizo bila wivu. Ila aliongeza jambo ambalo nimelifikiria tangu siku ile.

“Matoma anarusha. Serunkuma anarusha. Mrushaji wanampima kwa mashine.”

Alikuwa na maana ya bunduki ya kupimia kasi. Msaka vipaji anakuja, anasimama nyuma ya wavu, mtoto anarusha, namba inatokea. Namba kubwa inasafiri hata kwa simu. Mtoto aliyejifunzia kwenye mteremko, aliyerusha mawe kufukuza ndege shambani, anaweza kuwa na mkono huo, na mkono ukionekana, mengine yatafundishwa baadaye. Mchezaji wa ndani hana namba ya namna hiyo. Msaka vipaji anahitaji kumwona akiokota mipira mingi, kwa siku nyingi, kwenye ardhi ambayo haimdanganyi, mbele ya wapigaji wanaopiga kwa nguvu za kweli. Jamhuri ya Dominika, ambako klabu zote kubwa zina vyuo, mtoto wa miaka 12 anaokota kwa wingi huo kila juma. Mzaliwa wa pili wa Afrika kufika ligi kuu, Tayler Scott wa Johannesburg, mwaka 2019, ni mrushaji. Sishangai. Bara letu linaweza kutoa mikono mingi kabla ya kutoa shotistopu wa pili, kwa sababu mkono mtu anazaliwa nao, lakini udongo uliosawazishwa lazima mtu aulipie, tena kila msimu.

Na umri hausubiri. Klabu husaini vijana wa nje ya Marekani kuanzia miaka 16, na anayeshika 19 tayari anaulizwa alikuwa wapi. Kijana yule alikuwa na 17.

Nilimuuliza kuhusu pesa, maana kwetu hilo ndilo swali la pili baada ya jina. Alijua zaidi yangu. Mwaka ule ule wachezaji wa madaraja ya chini Marekani walikuwa wamepata mkataba wao wa kwanza wa pamoja: mwanagenzi dola 19,800 kwa mwaka, wa AAA dola 35,800. Kima cha chini cha ligi kuu kilikuwa dola 720,000. Kati ya namba hizo mbili za mwisho kuna ngazi moja tu, na ndiyo ngazi ambayo Ngoepe aliikanyaga pale Indianapolis kwa muda mrefu kuliko alivyotaka. Kijana alizisema kwa utaratibu wa mtu anayetaja bei za sokoni. Ana mpango mwingine pia: akimaliza shule, kama hakuna aliyemwita, atasomea ualimu wa michezo, arudi Kisoro. Nikamuuliza Kisoro atapata wapi uwanja, na milima ile.

“Chini ya Muhabura kuna mahali,” akasema. “Mawe ni mengi, lakini mawe yanaokotwa.”

Kisha akanigeuzia swali. Wachezaji wa mpira wa Goma wanalipwa kiasi gani? Nikamwambia ninaowajua mimi wanaahidiwa vizuri, na wanalipwa siku pesa ikipatikana. Akacheka, akasema basi kumbe huko pia kuna foleni. Mwalimu akamwita kwa ajili ya zoezi la kutoa watu wawili kwa mpira mmoja, ambalo linahitaji shotistopu na mwenzake wa kituo cha pili kujuana hata bila kutazamana. Walilirudia mpaka kivuli cha miti kilipofika kwenye kituo cha tatu. Mara nyingine mpira ulitoka mkono hadi mkono mwepesi, mara nyingine ukaangukia nyasini na mmoja wao akalaaniwa kwa Kiganda. Nilibaki na daftari wazi, nikichora miguu yao kwa mishale, nani anakanyaga kituo na nani anarusha, mpaka ukurasa ukajaa mistari isiyosomeka, nikaenda kumwomba mwalimu anichoree mwenyewe. Akachora vizuri, akaandika jina la kila nafasi, na chini yake orodha ya vitu ambavyo mtu wa Masisi angepaswa kuanza navyo. Glavu zilikuwa za nne. Juu kabisa aliandika reki.